Faili Moja, Sura Mbili: Kwa Nini Picha ya Kidijiti Hubadilika Inapofunguliwa kwa Programu Nyingine

Malengo ya sehemu hii

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa uweze:

(a) kueleza kwa nini faili moja la picha huonekana tofauti katika programu mbili;
(b) kutofautisha tatizo la programu, tatizo la kioo cha kompyuta na tatizo la faili lenyewe;
(c) kutumia picha ya kidijiti kama ushahidi katika kazi yako bila kujidanganya wala kumsingizia mwenzako.

Utangulizi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Tabora nilipewa nisahihishe kazi za mradi za wanafunzi wa kidato cha tatu. Walikuwa wamekwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliangalia tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyewapeleka. Mimi nilikuwa bado sijafika huko. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta picha moja iliyochapwa, faili la picha hiyo kwenye flashi, na maelezo ya ukurasa mmoja.

Binti mmoja alileta picha ya ukuta wa mbele. Kwenye karatasi ukuta ulikuwa mwekundu, kama udongo wa kichuguu baada ya mvua, na maelezo yake yalisema hivyo hivyo. Nikachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, nikabofya faili. Ukuta niliouona ulikuwa wa kahawia iliyopauka, na majani ya miembe yalikuwa yamefifia. Kwangu mimi kesi ilikwisha pale pale. Niliandika pembeni mwa kazi yake: "Picha imeongezwa rangi. Si ushahidi." Nikakata alama 5 kati ya 20.

Kesho yake alikuja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba uifungue tena picha yangu, lakini kwa programu nyingine."

Nilimwambia picha ni picha, iwe imefunguliwa kwa programu hii au ile. Hakubishana nami. Aliomba mara ya pili, kwa adabu ile ile. Nikafungua. Kompyuta ilikuwa ile ile, kioo kile kile na faili lile lile, na ukuta ukawa mwekundu.

Mtahiniwa, ukielewa kilichotokea kati ya dirisha la kwanza na la pili, utakuwa umeielewa sehemu hii yote.

1. Ndani ya faili hamna rangi, mna namba

Ukifungua daftari la duka hukuti sukari ndani yake. Unakuta maandishi yanayosema sukari ni kilo ngapi. Faili la picha ni daftari la namna hiyo.

Kamera huigawa picha katika viraba vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000 ina pikseli 12,000,000. Kwa picha za kawaida, kila pikseli huelezwa kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Namba (0, 0, 0) ni nyeusi na (255, 255, 255) ni nyeupe. Kwa kuwa kila moja ya namba hizo tatu ina hatua 256, michanganyiko inayowezekana ni 256 × 256 × 256, yaani 16,777,216.

Programu ya kuangalizia picha ni msomaji wa daftari hilo. Inapofungua faili hufanya kazi nne kwa mfululizo:

(i) hukunjua faili lililogandamizwa, kwa mfano la JPEG, ili kuzipata namba;
(ii) huamua kila namba ina maana ya rangi gani hasa;
(iii) hupunguza au kuongeza idadi ya pikseli ili picha itoshe dirishani;
(iv) hutuma matokeo kwenye kioo.

Katika kazi ya kwanza programu karibu zote hufanana. Tofauti kubwa hutokea katika kazi ya pili na ya tatu, kwa sababu huko programu inatakiwa kuamua, na waliotengeneza programu mbalimbali hawakuamua mamoja.

2. Sababu ya kwanza: profaili ya rangi

Hebu turudi kwanza kwenye historia unayoifahamu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilikuwa ikipumzika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, wakapaita Kazeh. Katika njia hiyo nguo ilikuwa kama fedha. Wapagazi walilipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na hongo kwa watawala wa njiani ilitolewa kwa nguo. Nguo iliyojulikana sana ni merikani, pamba iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikotoka.

Nguo hiyo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, na mikono minane ilikuwa doti. Sasa piga hesabu. Mtu mrefu ambaye mkono wake ni sentimita 50 akipima doti moja, atapata sentimita 400. Mtu mfupi ambaye mkono wake ni sentimita 42 atapata sentimita 336. Wote wawili watasema kweli kwamba wamepima mikono minane, lakini vitambaa vimepishana kwa sentimita 64. Namba ni moja, ila haikusema ni mkono wa nani.

Namba za picha zina shida hiyo hiyo. Faili likisema "nyekundu 255", maana yake ni "nyekundu yote uliyo nayo". Lakini ni nyekundu ipi? Nyekundu ya kioo hiki siyo nyekundu ya kioo kile. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweka vipimo vya pamoja. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo kiitwacho sRGB, ambacho ndicho kinachotumika zaidi kwenye intaneti na kwenye kompyuta za kawaida. Mwaka 1998 kampuni ya Adobe ilitoa kipimo kingine, Adobe RGB, chenye eneo pana zaidi la rangi, hasa upande wa kijani. Kamera nyingi za wapiga picha wa kazi humruhusu mwenyewe kuchagua kati ya hivyo viwili.

Tazama tofauti yake kwa mfano huu. Nyekundu iliyokolea kabisa ya sRGB huandikwa (255, 0, 0). Nyekundu hiyo hiyo, isiyopungua wala kuzidi, ikiandikwa kwa kipimo cha Adobe RGB huwa takriban (219, 0, 0). Ni rangi moja kwa namba mbili. Programu inayojua kwamba 219 ni ya Adobe RGB itaigeuza ifae kioo chako, nawe utaona nyekundu kamili. Programu isiyojua itaichukua 219 kana kwamba ni ya sRGB, na nyekundu itapoa. Rangi nyingine nazo zitapungua nguvu, na picha nzima itaonekana imefifia.

Programu hujuaje kipimo kilichotumika? Hujua kwa kusoma profaili ya rangi. Hayo ni maelezo mafupi yanayowekwa ndani ya faili kueleza namba zake zimeandikwa kwa kipimo kipi. Mwaka 1993 kampuni nane, miongoni mwao Adobe, Apple na Kodak, ziliunda umoja wa kimataifa wa kusimamia namna ya kuandika profaili hizo ili kila mashine ielewe maelezo ya mashine nyingine.

Kuwekwa kwa profaili ndani ya faili hakutoshi, lazima msomaji aisome. Programu za kuhariri picha kama Photoshop na GIMP huisoma. Programu nyingi nyepesi za kufungulia picha haraka huiruka. Ndiyo maana dirisha la kwanza lilinionyesha kahawia iliyopauka, na la pili likanionyesha nyekundu. Yule binti alikuwa ameazima kamera iliyowekwa kwenye Adobe RGB, naye hakujua. Kidokezo kilikuwa kwenye jina la faili, sikukiona. Kwa utaratibu wa kamera za kidijiti, picha iliyopigwa kwa Adobe RGB hupewa jina linaloanza na mstari wa chini, kwa mfano _DSC0147 badala ya DSC_0147.

Zingatia: Kosa hutokea pia kwa upande wa pili. Kuna vioo vipya vinavyoweza kuonyesha rangi nyingi kuliko sRGB. Picha ya kawaida ya sRGB ikifunguliwa kwenye kioo hicho kwa programu isiyojali profaili, rangi hukolea kupita kiasi na nyuso za watu huwa kama zimeungua na jua. Vilevile, kioo nacho kina profaili yake ndani ya kompyuta. Ikiharibika, programu inayoisoma inaweza kuonyesha karatasi nyeupe ikiwa na umanjano, wakati programu isiyoisoma inaonyesha nyeupe safi. Kwa hiyo usiseme tu kwamba programu inayosoma profaili ndiyo sahihi siku zote. Inakuwa sahihi pale ambapo profaili zote mbili, ya faili na ya kioo, ni za kweli.

3. Sababu ya pili: kupunguza picha itoshe dirishani

Kompyuta nyingi za mkononi zilizoko shuleni zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Picha yetu ya pikseli 4000 kwa 3000 haiwezi kuenea humo. Ikipunguzwa mpaka kimo chake kiwe pikseli 768, upana wake utakuwa 1024. Zidisha 1024 kwa 768, utapata 786,432. Kwa hiyo pikseli 12,000,000 zinatakiwa kuonyeshwa kwa pikseli 786,432. Kila pikseli unayoiona inasimama badala ya pikseli kama 15 za faili.

Programu itachagua vipi? Njia ya haraka ni kuchukua pikseli moja na kuziacha jirani zake. Njia ya pili ni kuchanganya thamani za pikseli hizo na kupata wastani. Njia ya kwanza haisumbui kompyuta, lakini mistari ya mshazari hukatika-katika kama ngazi, na mistari myembamba inaweza kupotea kabisa. Njia ya pili hutoa mistari laini, ila picha inaweza kuonekana imepoa ukali. Baadhi ya programu huongeza ukali baada ya kupunguza, na zile hukuonyesha picha kali kuliko faili lenyewe.

Katika safari ile ile ya Kwihara kijana mmoja alipiga picha ya mlango wa nakshi. Aliandika kwamba nakshi zake zimechongwa kwa umbo la ngazi ndogo ndogo, akaanza kueleza maana ya ngazi hizo. Tulipoikuza picha mpaka asilimia 100, yaani pikseli moja ya faili kwa pikseli moja ya kioo, ngazi zilitoweka. Mchongaji alichonga mikunjo laini. Ngazi zilitengenezwa na programu ilipoipunguza picha.

Kwa hiyo, kabla hujaeleza umbo la kitu kwenye picha, kikuze mpaka asilimia 100. Hapo programu haina cha kupunguza wala kuongeza.

4. Sababu ya tatu: alama ya mwelekeo

Umewahi kuona picha imesimama vizuri kwenye simu, lakini ukiihamishia kwenye kompyuta imelala ubavu? Hakuna aliyeilaza.

Kihisi cha mwanga ndani ya simu au kamera hakizunguki. Unapoigeuza simu wima, kihisi hurekodi vile vile kilivyozoea, kisha simu huandika dokezo ndani ya faili: "Picha hii izungushwe." Dokezo hilo limo katika kumbukumbu za Exif, utaratibu ulioanzia Japani mwaka 1995. Humo huandikwa pia tarehe, saa, aina ya kamera, na pengine mahali picha ilipopigwa. Mwelekeo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 8. Namba 1 maana yake picha iachwe ilivyo. Namba 6 maana yake izungushwe nyuzi 90 kufuata mwendo wa saa.

Programu inayosoma namba hiyo huizungusha picha kabla ya kukuonyesha. Programu isiyoisoma hukuonyesha picha kama kihisi kilivyoirekodi. Na kama mtu ameizungusha picha kwa programu isiyofuta ile namba 6, programu nyingine itaizungusha mara ya pili, na mlango utalala upande mwingine.

5. Sababu ya nne: mafaili ghafi

Kamera kubwa zinaweza kuhifadhi picha ikiwa ghafi, kabla haijapikwa ikawa JPEG. Ili uelewe jambo hili, jua kwamba katika kamera nyingi kila kituo cha kihisi huona rangi moja tu. Juu ya kihisi kuna vichujio vidogo vilivyopangwa kwa mpango wa Bryce Bayer, mtaalamu wa Kodak ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vituo huona kijani, robo nyekundu na robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana kila mahali lazima zikadiriwe kutokana na majirani.

Faili ghafi huhifadhi vipimo hivyo bila makadirio. Anayekadiria ni programu unayoifungulia, nayo ndiyo inayoamua pia weupe uwe upi na giza lipunguzwe kiasi gani. Ni kama wapishi wawili waliopewa unga kutoka gunia moja. Ugali wa huyu hautakuwa sawa kabisa na wa yule.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Ndani ya faili ghafi kamera huweka pia picha ndogo ya JPEG iliyokwisha kuandaliwa. Programu za haraka hukuonyesha hiyo badala ya kuyapika yale makadirio upya. Hivyo programu moja inakuonyesha mapishi ya kamera, nyingine mapishi yake yenyewe, na wewe unadhani unalinganisha kitu kimoja.

6. Usichanganye mambo haya matatu

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa sababu huyaweka yote kwenye kapu moja.

Tofauti ya programu: kompyuta moja, kioo kimoja, faili moja, programu mbili. Sababu ni zile nne tulizozieleza.

Tofauti ya kioo: programu moja na faili moja, lakini vioo viwili. Kioo cha projekta darasani siyo kioo cha simu. Kimoja kimeongezwa mwanga, kingine kimepunguzwa, kingine kimewekwa rangi ya joto ili kupumzisha macho usiku. Hapo programu haina kosa.

Tofauti ya faili: picha zinafanana kwa macho, lakini mafaili si mamoja. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kugandamizwa upya, na kumbukumbu za Exif huondolewa. Anayeipokea ana faili jipya, hata kama picha inaitwa "ile ile". Ukitaka faili lifike lilivyo, litume kama hati, au libebe kwa flashi.

7. Hatua za kufuata kabla ya kutoa hukumu

Ukiona picha imebadilika, fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Hakikisha mafaili ni mamoja. Linganisha ukubwa wake kwa baiti, si kwa kilobaiti zilizokadiriwa. Kwenye kompyuta ya Windows unaweza kuandika amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Itakupa mfuatano mrefu wa herufi na namba. Mafaili yakipishana hata kwa baiti moja, mfuatano utakuwa mwingine.
2. Fungua faili kwa programu mbili kwenye kioo kimoja, madirisha yakiwa ubavu kwa ubavu.
3. Kuza picha mpaka asilimia 100 katika programu zote mbili. Kama tofauti ilikuwa ya mistari na ukali, itaondoka hapa.
4. Kama tofauti ni ya rangi, angalia kama faili lina profaili, na kama jina lake linaanza na mstari wa chini.
5. Kama picha imelala, angalia namba ya mwelekeo.
6. Ukimaliza hatua zote na tofauti ikabaki bila maelezo, hapo ndipo uanze kuuliza kama kuna aliyeibadilisha.

Mimi nilianzia hatua ya 6.

8. Namna ya kujibu swali

*Swali:* Wanafunzi wawili wamenakili faili moja la picha ya tembe kutoka kwenye flashi moja. Katika kompyuta ya kwanza picha imelala ubavu na rangi zimefifia. Katika kompyuta ya pili imesimama na rangi zimekolea. Kila mmoja anadai mwenzake ameichezea. Waamulie.

*Jibu dhaifu:* "Kompyuta ya kwanza ni mbovu, ndiyo maana picha haionekani vizuri."

Jibu hili halina sababu, na limehukumu bila uchunguzi.

*Jibu zuri:* "Hakuna dalili ya kutosha kwamba picha imechezewa. Kwanza ningelinganisha mafaili yao kwa baiti. Yakiwa mamoja, tofauti imetokana na usomaji. Kulala kwa picha kunaonyesha kwamba programu ya kwanza haikusoma alama ya mwelekeo iliyomo katika kumbukumbu za Exif. Kufifia kwa rangi kunaweza kutokana na programu hiyo kutosoma profaili ya rangi, hasa kama faili liliandikwa kwa kipimo cha Adobe RGB. Lakini kwa kuwa vioo ni viwili, ningefungua faili kwa programu zote mbili kwenye kioo kimoja kabla ya kuamua."

Ona kwamba jibu zuri limetaja sababu mbili kwa dalili mbili, kisha limekumbuka kioo. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayomtofautisha aliyeelewa na aliyekariri.

9. Somo kwa anayesoma historia

Usidhani tatizo hili limeletwa na kompyuta. Sahani za kolodioni, zilizoanza kutumika mwaka 1851, ziliitika sana mwanga wa buluu na karibu hazikuona mwekundu kabisa. Ukuta mwekundu uliopigwa picha kwa sahani kama hizo ungetoka mweusi, na anga la buluu lingetoka jeupe. Mtu wa leo akiitazama picha ya namna hiyo angeweza kuandika kwamba kuta zilipakwa masizi, akawa amekosea ingawa picha haikuguswa na mtu.

Kwa hiyo unapotumia picha kama ushahidi, uliza maswali mawili. La kwanza unalijua: nani aliyepiga, lini, na kwa nini? La pili ni hili: picha imepita kwenye mashine gani mpaka ikafika machoni pangu, na kila mashine imeamua nini njiani? Pale inapowezekana, linganisha picha na chanzo kingine. Kwa upande wangu, chanzo hicho kilikuwa kilomita chache tu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kwihara kwa baiskeli, nikauona ukuta kwa macho yangu. Ni mwekundu.

Jumatatu nilizirudisha zile alama 5. Kwa kuwa nilikuwa nimeisema kazi yake mbele ya darasa, nilimwomba radhi mbele ya darasa hilo hilo.

Muhtasari

- Faili la picha lina namba. Rangi huonekana baada ya programu kuzitafsiri namba hizo.
- Programu hutofautiana kwa mambo manne: kusoma profaili ya rangi, njia ya kupunguza picha, kusoma alama ya mwelekeo, na namna ya kupika mafaili ghafi.
- Tofauti ya kioo na tofauti ya faili ni mambo mengine. Usiyachanganye na tofauti ya programu.
- Linganisha mafaili na programu kabla ya kumtuhumu mtu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza, kwa kutumia mfano wa doti ya merikani, kwa nini namba ya rangi haina maana kamili bila profaili. (alama 4)
2. Picha ina pikseli 3264 kwa 2448. Ina pikseli ngapi kwa jumla? Ikipunguzwa iwe 1024 kwa 768, kila pikseli ya kioo itasimama badala ya pikseli ngapi hivi za faili? (alama 4)
3. Taja dalili moja inayoonyesha kwamba tatizo ni la kioo, na dalili moja inayoonyesha kwamba tatizo ni la programu. (alama 2)
4. Rafiki yako amekutumia kwa WhatsApp picha ya kaburi la kale ili uitumie katika mradi wako. Toa sababu mbili za kumwomba akutumie faili hilo kwa njia nyingine. (alama 4)
5. "Programu inayosoma profaili huonyesha rangi sahihi siku zote." Jadili kauli hii. (alama 6)

*Jibu la swali la 2 kwa kujisahihisha:* 3264 × 2448 = 7,990,272. Ukigawa kwa 786,432 utapata kama 10. Maswali mengine yajibu kwa maneno yako mwenyewe, kisha rudi kwenye kipengele husika ujisahihishe.